Syntiche na Valère kwenye Sayari Nyekundu

Syntiche alimpasua mdudu wa kwanza kichwa, akamgeukia wa pili kabla damu ya kijani haijatua chini. Wa tatu alimrukia kutoka juu, meno yake kama mundu, naye Valère akamkata vipande viwili kwa bunduki ya mwanga.

"Pita! Nyuma nalinda mimi!" Valère alipiga kelele.

Chumba kizima kikashangilia. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili baada ya misa, katika chumba cha michezo cha Papa Hippolyte huko Kataki, mtaa wa Kalemie, jenereta ikinguruma nje na vijana wamebanana kwenye mabenchi. Mchezo waliopenda ulikuwa wa vita vya sayari nyekundu: askari wawili wanashuka pamoja, wanaua wadudu wenye magamba mpaka mapango yabaki matupu. Anayetaka anaweza kuchagua kupambana na mwenzake, mtu na mtu. Syntiche na Valère hawakuwahi kupambana. Kwenye sayari ile walikuwa chanda na pete.

Syntiche alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi. Alifika Kalemie msichana mdogo, kwa miguu, akifuata reli kutoka upande wa Nyunzu pamoja na mama yake, wakati wa vita. Dada yake Laurette hakufika. Habari hizo hakumwambia mtu yeyote pale. Alijua tu kwamba akiua wale wadudu, moyo wake unapoa. Valère alikuwa fundi wa pikipiki, kijana mpole aliyesema kwao ni mji wa Kongolo, na zaidi ya hapo hakueleza.

Siku hiyo walifika kwenye nyumba ya chuma ambamo wadudu walijificha na makinda yao. Syntiche akataka kubomoa ukuta.

"Acha, usiingie," Valère alisema huku macho yakiwa kwenye televisheni. "Weka moto mulangoni. Watatoka wenyewe. Wenye kukataa, wataivia mule mule. Sisi Nyunzu tulikuwa tunafanya vile."

Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kufungua skrubu.

Vidole vya Syntiche vikasimama. Mdudu mmoja akamkamata askari wake shingoni, akamng'oa kichwa.

"Nyunzu wapi?"

Valère akagundua alichokisema. "Syntiche, nilikuwa mutoto. Wakubwa walitupatia petroli, wakatuambia…"

"Nimekuuliza wapi."

Akataja kijiji. Hakikuwa cha kina Syntiche. Kwao walikuja kuchoma watu wengine. Lakini Laurette naye alikufa kwa moto ndani ya nyumba, mlango umezuiwa kwa nje, na Syntiche akiwa amejificha kwenye shamba la mihogo alimsikia mpaka alipoacha kumsikia.

"Papa Hippolyte," alisema, "tuwekee kupambana."

Kwenye mchezo alimpiga risasi Valère ya tumbo, kisha ya uso. Askari wa Valère akafufuka, Syntiche akamvunja miguu na kumwacha atambae, ndipo akammaliza. Mwanzoni vijana walicheka. Valère alijitetea kidogo, kisha akaweka maneti yake, kidude cha kuchezea, juu ya magoti. Askari wake akawa anafufuka na kusimama tu, mikono chini, na Syntiche anamchoma, anamkata, anamchoma tena. Kicheko kikaisha.

"Cheza!" Syntiche akalia. "Inua mikono, ucheze!"

"Siwezi."

Akainuka, akampiga na ile maneti mdomoni. Jino likatoka. Akampiga tena juu ya jicho, damu ikaruka ikatia madoa gauni lake la misa, na Valère hakujikinga.

"Wewe ulichoma watu!" Syntiche alisema. "Ulichoma watu, halafu unanilinda mimi mugongo?"

Maneno hayo hayakubaki kwake peke yake. Pale kwenye mabenchi kulikuwa na wengine waliokuja kwa njia ile ile ya reli. Numbi, kijana mpana aliyebeba mizigo bandarini, alimkamata Valère shati, akamburuta nje. Mateke yakaanza. Mtu akavunja benchi, ubao ukashuka juu ya mbavu, zikasikika zikivunjika. Papa Hippolyte alijaribu kuingia kati, wakamsukuma akaangukia ukutani.

"Leta bidoni!" Numbi alisema. "Leo ataonja yake."

Wakaleta bidoni, dumu la petroli ya jenereta. Petroli ikamwagika kichwani pa Valère, ikaingia kwenye majeraha, naye akapiga yowe. Syntiche aliisikia harufu ile, ya siku aliyokufa Laurette. Lakini hakukimbia. Akapenya katikati ya watu, akamlalia Valère juu, petroli ikamlowanisha kifua.

"Toka, dada," Numbi alisema, kiberiti mkononi. "Si wewe umesema ni muuaji?"

"Ndiyo, ni muuaji. Washa basi. Utaniunguza na mimi, halafu nyote mutaimba kwenye misa?"

Numbi akatukana, akakitupa kiberiti mtaroni. Watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wakikwepana macho.

Valère alipelekwa hospitali kwa pikipiki, Syntiche amemshika kwa nyuma ili asianguke. Muuguzi alipokwisha kumfunga mbavu, Syntiche akasogea kitandani.

"Ile nyumba mulichoma, mule ndani mulikuwa nani?"

Valère alifunga jicho lake moja zima. "Mama na watoto. Nilishika mulango. Wengine waliwasha, mimi nilishika mulango."

"Majina?"

"Sijui. Unisamehe, Syntiche."

"Hapana," alisema, bila hasira tena, kama anayejibu swali la kawaida. "Mimi si wa kukusamehe. Wenye kuweza, kama wamebaki, wako kule kijijini."

Akaondoka. Nyumbani mama yake alinusa petroli kwenye gauni, akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu wafike Kalemie walikaa wakamlilia Laurette kwa jina lake, kwa sauti, mpaka majirani wakaja.

Valère alipopata nguvu alipanda treni ya kwenda Nyunzu. Papa Hippolyte alimwona stesheni, uso bado umevimba, bila mzigo wowote. Kama alifika kwenye kile kijiji, na kama walimsikiliza au walimuua, hakuna aliyeleta habari. Syntiche anapita pale kwa Papa Hippolyte kila siku akienda kusuka. Bunduki za mchezo zinasikika ndani, na vijana humwita kwa jina. Huwaitikia, na kwenda zake.