Boti Isiyokwaruzika

Boti ya kivuko ilikuwa ya faiba, nyeupe, yenye viti kumi na viwili na mashine moja nyuma. Pande zote mbili za kivuko hazikuwa na gati. Tangazo kwenye ukuta wa ofisi lilisema boti itie nanga kwenye maji ya kiuno, isipandishwe mchangani kamwe, maana mchanga unaitafuna faiba. Abiria walishuka viatu mkononi. Meneja aliyeliandika hakuwa msafiri.

Nahodha alilitii miaka sita, mpaka mama yake alipoanza kuvuka kila Jumanne kwenda kusafishwa damu hospitali ya ng'ambo. Alikuwa na mrija kifuani, na nesi alionya usiguse maji ya bahari. Mama mwenyewe alikuwa mfupi. Maji ya kiuno cha wengine yalimfika kifuani.

Baada ya mrija kuingia maji mara mbili na mama kulazwa kwa homa, nahodha aliiendesha boti moja kwa moja hadi mchangani, mama akashuka mkavu. Jioni aliinama kukagua chini ya boti. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mkwaruzo ulikuwa tumboni mwake mwenyewe, kuanzia kifuani mpaka kitovuni, na ulikuwa na mchanga. Akauosha kwa maji ya moto, akala.

Wiki ya tano ngozi ilikwisha, nyuzi nyeupe zilizosukwa zikaonekana. Fundi wa boti alimlaumu kwa kuchelewa, akampiga msasa laini, akampaka gundi ya faiba.

"Usioge mpaka ikauke," alisema.

Habari zilimfikia meneja, kama zinavyofika. Alikuja na kurunzi mchana kweupe, akakagua boti. Ilikuwa laini kama sahani. Kisha akalinyanyua shati la nahodha kwa ncha ya kalamu.

"Na boti haina kitu?"

"Haina."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Akabandika tangazo jipya: kuanzia leo boti ipandishwe mchangani kila safari. Safari zilikuwa kumi na nne kwa siku. Abiria walifurahi, na nani angewalaumu? Mmoja alimletea nahodha mafuta ya kidonda.

Mama alijua siku alipofua shati la mwanawe, akakuta vipande vya faiba kwenye beseni. Alilia hapo hapo juu ya povu. Jumanne, wakirudi kutoka hospitali, alimgusa bega.

"Tia nanga, mwanangu. Nitashuka majini."

"Hairuhusiwi, mama. Nimeshasainishwa amri mpya ya meneja."

"Basi wiki ijayo siji."

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Mimi niulize."

Nahodha hakuuliza. Boti iligusa mchanga, naye akajikunja juu ya usukani mpaka iliposimama. Mama alishuka bila kumtazama.

Jumanne iliyofuata hakutokea. Nahodha alimbembeleza, akamletea gari mlangoni, akamwambia kukaa kwake nyumbani hakupunguzi safari hata moja. Mama alijibu kwamba hilo analijua, ila yeye hapandi juu ya tumbo la mtoto aliyemzaa. Miguu ikavimba, kisha uso.

Siku ya maziko, ndugu wa ng'ambo walivuka kwa boti ile ile, nahodha akiwa usukanini kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Wote walishuka miguu mikavu.