Gundi ya Meno ya Baba Ashraf

Pili aliolewa na mume asiyecheka. Si kwamba Sultani alikuwa na roho mbaya. Meno yake ya juu yalikuwa ya kijivu, yenye mistari ya kahawia, tangu alipomeza vidonge vya kifua utotoni kwao Makote, mwaka mzima bila kupumzika. Akichekeshwa, aliziba mdomo kwa kiganja. Akiongea, alibana midomo na kutoa maneno ya lazima tu: lete chumvi, funga mlango, mvua inakuja. Watu wa Newala walimheshimu sana kwa hilo. Walisema ni mtu mzito, na kila penye ugomvi wa mpaka wa mikorosho aliitwa aje akae, maana akikaa kimya pande zote mbili ziliingiwa na hofu.

Biashara ya korosho ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na malori yao, mmoja alimfanya Sultani wakala wake, kwa sababu hiyohiyo ya uzito. Sultani akawa mtu wa safari. Akanunua pikipiki, akanunua saa, na jioni moja, wakimenya ming'oko, vile viazi vya porini, akamwambia mkewe kwamba Masasi kuna daktari wa meno amefungua chumba chake binafsi, anabandika meno ya kauri.

"Anabandika nini?"

"Kauri. Kama kikombe."

Pili akaendelea kumenya. Alikuwa ameshasikia habari za Sijaona, mjane wa Tandahimba mwenye mgahawa karibu na ghala la korosho. Sultani, au Baba Ashraf kama yeye alivyomwita, alikuwa akila kwa huyo mama hata siku ambazo ghala lilikuwa limefungwa.

"Tutakwenda wote," akasema.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kukwangua meno kidogo na kuchukua kipimo, ambacho kilipelekwa Dar es Salaam kwa fundi anayechoma kauri. Safari ya pili kauri zilikuwa zimefika, vipande sita vimelala kwenye pamba kama mbegu.

Daktari Getrude, mama mfupi mwenye sauti ya ualimu, alimlaza Sultani kwenye kiti akamwita Pili asogee. Alisema rangi inataka jicho la mtu wa pili.

"Kauri hii ni nyembamba kama ukucha, Mama Ashraf. Mwanga unapenya. Kwa hiyo rangi utakayoiona si ya kauri peke yake. Nyuma yake kuna jino la zamani, na katikati kuna gundi. Gundi ndiyo yenye neno la mwisho."

Alikuwa na gundi za majaribio, zisizoganda, za kuoshwa kwa maji. Kwanza akaweka isiyo na rangi. Ule ukijivu ukarudi palepale, kama sufuria lililoungua linavyoonekana chini ya uji mwepesi. Akaosha, akaweka nyeupe. Ukijivu ukafa kabisa, na mdomo wa Sultani ukang'aa kama bakuli la hospitali. Alipopewa kioo alijitazama kwa muda, kisha akainua kidole gumba.

"Subiri kwanza," daktari akasema, akaosha tena, akaweka ya njano kidogo.

Chini ya taa ile ya tyubu, meno yalionekana ya mzee aliyeishi kwa chai ya rangi. Sultani akatikisa kichwa.

"Mimi ningechukua hii," akasema daktari. "Lakini taa hii inadanganya. Na gundi yenyewe ikishaganda hutofautiana kidogo na hii ya kujaribia. Tokeni nje mkatazame juani."

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Nyeupe," akasema Sultani, akajilaza.

Daktari akamjaza pamba mdomoni, akamvuta midomo kwa kibanio mpaka ufizi wote ukawa wazi. Hapo umeme ukakatika. Taa ya kugandishia gundi haikuweza kufanya kazi bila umeme, basi akaenda uani kuwasha jenereta. Pili akabaki na mumewe, ambaye alikuwa anatazama dari.

Pili aliwaza haraka. Meno meupe namna ile alikuwa ameyaona kwenye kalenda tu. Mwanaume mwenye meno yale ataonekana Tandahimba hata kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Jenereta ikanguruma, daktari akarudi akinawa mikono. "Basi ni nyeupe?"

"Amebadili," akasema Pili. "Anataka ile ya njano."

"Baba Ashraf, ya njano?"

"Aa-aa," akasema Sultani. Mtu aliyebanwa mdomo akitaka kusema ndiyo husema hivyohivyo.

"Safi sana," akasema daktari, akakamua gundi.

Walipotoka mvua ilikuwa imekatika. Walipofika stendi Sultani akasimama.

"Mama Ashraf, mimi nilisema hapana."

"Nilikusikia."

Akatafakari jibu hilo. Kisha akakisogelea kioo cha pembeni cha lori lililosimama, akafungua mdomo kwenye jua. Meno hayakuwa ya mzee wala ya kalenda. Yalikuwa meno, basi, ya mtu aliyezaliwa nayo. Sultani akacheka kwa sauti, bila kiganja, na Pili akaona uso ambao hajawahi kuuona, wa kijana mzuri wa haja. Akaona haya, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. Walipokaa kula palepale stendi, mama muuza chakula, bila kuombwa, akamwongezea Sultani kipande cha samaki.

Newala hakuna aliyegundua meno. Walisema amenenepa. Wengine walisema biashara imemkubali. Yeye mwenyewe alicheka misikitini, gulioni na msibani, na safari za Tandahimba zikaongezeka.

Pili akaona ile njano ndiyo iliyomponza, akapanda gari peke yake kurudi Masasi.

"Daktari, ile gundi inabadilishwa?"

"Haibadilishwi. Ikishaganda imeganda. Labda nizisage kauri zote nianze upya. Zimeharibika?"

"Hazijaharibika."

"Rangi imegeuka?"

"Haijageuka. Ndiyo shida yenyewe. Nilikuwa naulizia nyeupe."

Daktari Getrude akamtazama kwa makini. "Meupe yale angechekwa, mama. Uliniokoa siku ile. Nilikuwa sijui nimkataze vipi."

Pili akamshukuru, kwa kuwa hakujua la kufanya na sifa hiyo. Kesho yake akaenda Tandahimba.

Sijaona alikuwa mwembamba, mchapakazi, unga mpaka viwikoni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mimi ni Mama Ashraf wa Newala."

Sijaona akafuta benchi, akamkaribisha chai, akakaa mbele yake. Hakuzunguka.

"Sitakuficha, dada. Nilimpenda. Alikuwa anakaa pale pembeni, anakula, haongei. Nikasema moyoni, huyu mwanaume ana mambo mazito ndani yake. Nikangoja siku atakayoyasema." Akashusha pumzi. "Sasa anayasema."

"Anasema nini?"

"Salfa. Juzi alianza habari za kupulizia mikorosho salfa nikikanda maandazi, wali wa mchana ukaiva bado yupo kwenye salfa. Meno mazuri, sikatai. Lakini hayafungiki. Wateja wanahama. Naomba umzuie kwako, dada yangu. Chai usilipe."

Pili alirudi Newala akiwa ameshinda, na njia nzima alikuwa na hasira kwa niaba ya mume wake. Yule mwanamke alikuwa na haraka ya nini hasa?

Alimkuta Sultani uani anasafisha pikipiki. Akaanza kuchambua maharage. Sultani, bila kutazama, akaanza kusema jinsi watu wanavyokosea, wanapulizia jua likiwa limeshapanda na upepo umeamka, dawa yote inakwenda kwa jirani, mtu anatibu mkorosho wa mwenzake. Akanyamaza ghafla.

"Nakuchosha?"

Pili alifikiria swali lile kwa haki, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Alimchosha kidogo. Lakini tangu aolewe hakuwahi kuulizwa.

"Na upepo ukigeuka?" akauliza. "Mtu anafanyaje?"

Sultani akatupa kitambaa, akavuta kigoda, akaketi karibu naye. "Hapo sasa," akasema, "ndipo penyewe."