Alama Nyekundu kwenye Buti ya Pijo

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili tusipoteze wakati tukimtafuta.

Nina karakana ya kupaka magari rangi hapa Gatitu, ukitoka tu Nyeri mjini. Nimekaa na rangi miaka thelathini. Nimepaka gari la maziwa, nimepaka gari la maiti, na siku moja, kwa bahati mbaya, nikapaka gari ambalo mwenyewe alikuwa ameleta kubadilishwa taa tu. Kwa hiyo Sabirin aliponiletea Pijo 404 ya baba yake kutoka Nanyuki, niliona kazi ni rahisi. Lilikuwa gari la mwaka wa 1968, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na rangi yenyewe ni ile ile lililotoka nayo kiwandani. Maonyesho ya magari ya zamani yalikuwa Jumamosi, ndani ya ukumbi mmoja kule Nanyuki, kwa sababu mwezi wa Aprili huko nje ni mvua ndiyo inayojionyesha.

"Usipake rangi, fundi," Sabirin akaniambia. "Safisha, piga polishi, basi."

Akanieleza habari yote. Baba yake, Mzee Kulmiye, alikuwa amefanya biashara ya mbuzi kati ya Doldol na Nanyuki kwa miaka hamsini. Macho yalipoingia ukungu akaacha soko, kisha akaacha kutoka kabisa. Mwaka mzima alikuwa hajavuka geti, yeye na redio, redio na yeye. Gari hili ndilo kitu cha kwanza alichokubali kutoka nyumbani kwa ajili yake.

"Amesema atakuja kusimama kando yake," Sabirin akasema. "Hii ikikataa, sijui nitamtoa na nini tena."

Nikamwambia asijali. Neno hilo nimelisema mara nyingi maishani, na karibu kila mara kuna mtu amejali baadaye.

Gari la kuonyeshwa ndani lina mambo yake. Nje, wingu linakufichia makosa mengi. Ndani ya ukumbi kuna zile taa ndefu za juu, na hazina huruma. Kila mahali ulipopangusa na kitambaa kichafu panatokea miviringo kama utando wa buibui. Kwa hiyo nikafunga mlango wa karakana, nikawasha taa zangu, nikaosha, nikapitisha ule udongo laini wa kunyonya uchafu uliozama, nikabandika tepu kwenye kingo ambako rangi huwa nyembamba, kisha nikaanza mashine polepole. Rangi ya zamani haitaki haraka. Ukizidisha dakika moja, bati linakusalimia.

Siku ya tatu nikafika nyuma. Pale kwenye buti, kona ya kulia, kulikuwa na uchafu: mistari miwili mifupi ya rangi nyekundu na nukta moja, imekauka kwa mavimbe kama ugali uliogandia sufuria.

"Hiyo iko na mwenyewe," akasema Nduta, ambaye ndiye huchanganya rangi pale kwangu. "Piga simu uulize."

"Niulize nini? Ati nani alimwagia gari rangi?"

"Hiyo haikumwagika. Mistari mbili na nukta. Umeona wapi rangi ikimwagika kwa kuhesabu?"

"Nduta, wewe changanya rangi."

"Nachanganya. Wewe endelea kuchanganyikiwa."

Nikapiga picha ya kabla, kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Nikakwangua kwa kipande cha plastiki, nikapitisha msasa laini na maji, nikamalizia na polishi. Nikapiga picha ya baada. Ilikuwa kazi safi sana. Ningejilipa mara mbili.

Ijumaa Sabirin akaja. Akazunguka gari akitabasamu. Alipofika nyuma, akaacha.

"Fundi. Alama ya Aabo, ya baba yangu, iko wapi?"

"Alama gani?"

Akakaa juu ya mkebe wa rangi bila hata kuangalia kama ni msafi. Akaniambia kwamba kule sokoni, mfanyabiashara akinunua mbuzi, humwekea alama ya rangi mgongoni kwa kidole, ili akichanganyika na wa wengine asilete ubishi. Kila mtu ana yake. Ya Mzee Kulmiye ni mistari miwili na nukta. Siku aliponunua hii Pijo kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, kabla hata hajapewa ufunguo, alichovya kidole kwenye mkebe akaiweka alama. Mzungu alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa haoni," Sabirin akasema. "Akitaka kujua ni gari yake, anapapasa pale na kidole gumba."

Nduta akaokota kitambaa nilichofutia ile alama, akakitandaza mezani.

Nikamwambia Sabirin asijali. Ndiyo, tena.

Nduta akachanganya nyekundu akifuata vipande vilivyokuwa vimegandia kwenye kitambaa changu. Mimi nikafungua ile picha ya kabla, nikapima, nikabandika tepu, nikapaka kwa brashi nyembamba, nikaweka vanishi juu, nikakausha kwa taa, nikapiga polishi. Mistari ikanyooka kama ya katikati ya lami. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Hapo ujinga wangu ukawa umekamilika, na ukawa unang'aa.

Jumamosi tukaliingiza ukumbini kwa kusukuma. Mlangoni alikuwa Barnabas, mwalimu mstaafu aliyekuja kufundisha Nanyuki kutoka Busia zamani na akasahau kurudi. Alikuwa na karatasi ya masharti: petroli iwe kidogo, waya wa betri ufunguliwe, kadibodi iwekwe chini ya injini.

"Hii inavuja oili?" akaniuliza.

"Mwalimu, ni Pijo ya 1968. Ingekuwa haivuji, ningekuwa na wasiwasi."

Akaandika.

Chini ya zile taa gari lilitulia kama maji ya bwawa. Hakuna mviringo hata mmoja. Watu walisimama. Nikaanza kutembea kama mtu mrefu.

Kisha Mzee Kulmiye akaingia, kofia kichwani, fimbo mkono mmoja, mwingine umeshikwa na Sabirin. Hakusimama mbele. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akainama, akaweka kidole gumba kwenye kona ya buti. Kidole kikateleza. Akakirudisha. Kikateleza tena.

"Sabirin," akasema, "hii ni gari ya nani?"

"Ni yako, Aabo."

"Si yangu. Turudi nyumbani."

Akageuka kweli. Sabirin akaniangalia, na singependa kuangaliwa hivyo mara ya pili.

"Mzee," nikasema, "ni yako. Mimi ndiye fundi. Alama nilifuta, nikidhani ni uchafu. Halafu nikaweka ingine."

Akasimama. "Uliiweka na nini?"

"Na brashi. Na tepu."

"Umeona mbuzi gani akibandikwa tepu?"

Sikuwa nimemwona.

Akaegemea fimbo. "Abdinasir leo yuko sokoni?" Abdinasir ni mpwa wake, ndiye aliyechukua biashara. "Mwambie alete mkebe."

Abdinasir akaja baada ya robo saa, viatu vina tope, mkebe wa rangi mkononi. Barnabas akatafuta kwenye karatasi yake sharti la kumzuia, akakosa.

"Mbuzi wameingia wengi?" Mzee akamuuliza.

"Wengi, Abti. Wa Doldol wameleta lori mbili."

"Nani amewachagua?"

"Mimi."

"Basi tukitoka hapa nipeleke niwapapase. Wewe hununua masikio, si nyama."

Sabirin akageuka upande, akajifanya anasoma bango ukutani. Mzee akavuta kifuniko cha mkebe.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeinama juu ya hilo gari siku tano, na mgongo wangu ulikuwa na maoni.

"Mzee, nakuomba, ngoja kidogo. Waamuzi wako gari ya tatu kutoka hapa. Wakikuta rangi mbichi juu ya polishi watatupunguzia pointi."

"Wapunguze."

"Acha wapite kwanza, halafu uweke hata kumi!"

"Kijana, sogea." Ananiita kijana, na mimi nina wajukuu wawili.

"Lakini guza hapa, Mzee! Hakuna gari ingine hapa ndani iko hivi. Mtu akisimama mbele yake anajiona uso mzima, mpaka nywele za pua!"

Mzee Kulmiye alikuwa ameshachovya kidole. Akakishika juu, rangi ikidondoka kwenye sakafu ya Barnabas.

"Ya kujiona niko na kioo nyumbani," akasema, "na hainywi petroli."