Kwaya ya Watani

Walburga Esser alikuwa ametembeza wageni mjini Köln tangu hajaota mvi, lakini alipoambiwa kundi lake la Jumamosi ni wanakwaya wazee kutoka Düsseldorf, alitamani kuugua. Miji hiyo miwili inanywa mto mmoja, na watu wake ni watani wa jadi. Mtani hana simile.

Na kweli hawakumpa nafasi ya kupumua. Kwenye makumbusho ya Warumi, alipowaonyesha sakafu ya vijiwe vya rangi, kiongozi wao, mzee mnene aitwaye Gisbert, aliuliza kama Warumi walikimbizwa na bia ya hapa. Walburga akamjibu kwamba Warumi walikuwa watu wa kuchagua, ndiyo maana Düsseldorf hawakujenga hata choo. Wazee wakampigia makofi. Akaanza kuwapenda, ila uso akaukaza.

Mchana aliwapeleka kwenye kanisa analolipenda kuliko yote, dogo, la kuta nene, mbali na msongamano wa Kanisa Kuu. Mlangoni wakakuta harusi imekwama. Kinanda kilikuwa kimezima ghafla na fundi hapatikani. Bibi harusi, Svenja, alikuwa amekaa ngazini na gauni lake jeupe, analia, akisema haingii kanisani kimyakimya kama anayekwenda kuzika. Baba yake alizunguka tu, akifuta jasho.

Walburga alisita. Kumwomba mtani msaada ni kumkabidhi fimbo ya kukuchapia maisha. Lakini machozi ya yule binti yalimshinda, akamvuta Gisbert kando.

"Mzee wangu, nyie mnaimba kweli, au mnavaa tu hizo skafu?"

"Tunaimba. Sijui kama watu wa Köln mna masikio."

"Ingia ujue."

Gisbert akamwinamia bibi harusi kwa taabu. "Mwanangu, sisi tumetoka Düsseldorf. Unatutaka hivyo hivyo?"

Svenja akajifuta macho. "Hata mngetoka kuzimu, babu."

Wanakwaya wakapanda roshani ya kanisa wakihema. Mlango ulipofunguliwa, Svenja akaingia na baba yake, na sauti nzito za wazee zikashuka, kuta zikazipokea na kuzirudisha zimejaa zaidi. Miaka yote Walburga alikuwa akieleza mawe hayo: nani aliyapanga, vita viliyaangusha vipi, nani aliyainua tena. Hakuwahi kuyasikia yakiitikia. Alijificha nyuma ya nguzo, akalia kwa raha.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza habari za makumbusho yaliyobaki. Baba wa bibi harusi aliwaburuta wote kwenye karamu, na Gisbert akacheza na Walburga, akamkanyaga mara nyingi, akidai kwao mwanamke ndiye anayekwepa.

Treni yao iliondoka bila wao. Walburga aliwasindikiza kwenye iliyofuata, akawaambia mwakani ni zamu yake kwenda kwao, wamtafutie kanisa la kumwonyesha, kama wanalo.