Kumi na Mbili Kamili

Makori alirudi kutoka Nairobi na vitu vitatu: cheti cha umeme, penseli ya kukaa nyuma ya sikio, na kikohozi kidogo. Kabla ya kujibu swali lolote alikohoa kwanza, kama redio inayotafuta stesheni. Mimi nilikuwa na Kidato cha Nne na kibanda cha kutengeneza redio hapa Nyakoe, na sikumchukia mtu yeyote duniani mpaka siku Bonareri alipocheka kwa maneno ya Makori.

Hayakuwa hata maneno ya kuchekesha. Nimeyarudia mara nyingi nikitafuta kichekesho kiko wapi. Alisema, "Umeme ni kama maji, mwalimu, ila huu haulowanishi." Basi. Na Bonareri akacheka mpaka akashika mlango. Msichana ambaye mimi nimemchekesha bure tangu mwaka wa sitini na tisa, mvua na jua!

Bonareri alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, binti ya Mzee Nehemiah Obwocha, karani mstaafu na mzee wa kanisa letu la Sabato. Mwaka huo wa sabini na tatu Mzee Nehemiah alifanya jambo lililosimamisha soko zima. Alinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Kericho lori kuukuu la dizeli lenye nyumba mgongoni. Nyumba kweli: vitanda viwili, jiko, kabati, beseni la kuoshea vyombo, dirisha na pazia lake. Watu wa soko waliliita nyumba inayohama. Watoto walikuja kuuliza kama ina choo, na wengine walikataa kuondoka kabla ya kuonyeshwa.

Mpango ulikuwa huu. Agosti ni mwezi wa makambi, waumini wanapokusanyika uwanjani wiki nzima kusikiliza mahubiri. Mzee angepeleka lori Marani, kisha Nyamarambe, kisha Nyamira, akionyesha picha za Biblia juu ya shuka jeupe kwa projekta aliyoazima misheni. Bonareri angeeleza picha. Mama yake, Bathsheba, angepika na kulala kitanda cha pili, macho wazi. Na fundi mmoja angesafiri nao kuangalia umeme.

Mmoja. Wiki mbili na zaidi. Kula kwa sahani za nyumba hiyo, kumshikia Bonareri tochi akibadilisha picha. Mimi nilikuwa nimeshachagua na shati.

Tulikaa mezani kwa Mzee kuchagua chombo cha umeme, kwa sababu projekta inataka umeme wa ukutani na lori lina umeme wa betri.

"Kuna jenereta," Mzee alisema.

"Jenereta itahubiri kuliko mhubiri, Mzee," nikasema. "Watu watarudi nyumbani wameokolewa na moshi."

Bonareri akacheka. Nikaweka kicheko hicho mfukoni.

"Tununue inveta," nikaendelea. "Unaifunga kwa betri, inageuza umeme wake uwe kama wa mjini. Haipigi kelele."

Mama Bathsheba akauliza kama itaweza pasi.

"Mama, pasi inakula wati elfu moja. Ukiichomeka, lori litaanza kulia."

Akacheka naye. Wawili! Nikajiona tayari Nyamarambe, tochi mkononi. Hapo Makori akakohoa.

"Projekta ni wati mia na hamsini," alisema polepole, penseli ikitoka sikioni. "Ikiwaka inavuta zaidi kidogo. Tuchukue ya mia tatu, ipate kupumua."

Mia tatu! Ndiyo hesabu iliyokuwa ulimini mwangu. Nilichelewa kwa sababu ya pasi. Bonareri alimtazama Makori kama mtoto wa darasa la tatu aliyetamka neno gumu sawasawa, na Mzee akapiga meza. "Makori ana cheti. Aende Kisumu ainunue, na aifunge yeye. Ikifanya kazi, atasafiri nasi."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe, Nyangau, utatuombea."

Jumatatu asubuhi nilikuwa langoni kwa Mzee, nimekaa juu ya debe, eti nangoja kumrudishia redio yake. Ukweli nilitaka kumwona Makori akiondoka, nihesabu kasoro zake. Alikuwa amevaa tai. Tai ya kwenda kununua chombo! Alipata nafasi kwenye lori la ndizi, akakaa mbele karibu na dereva, injini ikinguruma. Bonareri alisimama barazani akipunga mkono. Mimi nikienda Kisumu hakuna anayepunga hata leso.

Gari likianza kusogea, Makori akatoa kichwa dirishani. "Mzee! Nimesahau! Lako ni ngapi?"

Aliuliza volti za betri za lori. Nyumba inayohama yenyewe ilikuwa Kisii mjini kwa seremala, na Makori hakuwa amewahi kulifungua sanduku lake la betri. Lakini Mzee Nehemiah ana jambo moja tu kichwani kila wiki, nalo ni Sabato inaingia saa ngapi. Alikuwa amemwambia Makori mara tatu kwamba kazi imalizike Ijumaa kabla jua halijazama.

"Kumi na mbili!" Mzee akapaza sauti. "Ijumaa! Kumi na mbili kamili, isizidi hata kidogo!"

"Kumi na mbili, isizidi!" Makori akajibu, akaandika kwenye kidaftari chake, lori likapinda kona na ndizi zake.

Nilikaa pale juu ya debe kama mtu aliyeona pesa barabarani. Maana mimi sanduku lile nilikuwa nimelifungua siku lori lilipofika, honi ilipokataa. Ndani mna betri mbili zimefungwa mfululizo, volti kumi na mbili na kumi na mbili. Ishirini na nne. Kijana wa cheti alikuwa anakwenda kununua nusu ya gari.

Ningeweza kukimbia. Ndizi ni nzito, na mlima wa pale lori hupanda kama bibi arusi. Ningelifikia hata nikitembea.

"Nyangau," Bonareri akaita kutoka barazani, "mbona unatabasamu peke yako?"

"Ni redio ya baba yako, mwalimu. Imepona."

Siku nne nilijihubiria. Nilijiambia: itakatika fyuzi tu. Waya mdogo ndani ya kioo, tiki, giza, Makori anakohoa mbele ya watu, Mzee anasema, "Mwiteni Nyangau." Hakuna wa kuumia. Nililala vizuri, na nilipiga pasi shati mara mbili.

Ijumaa mchana inveta ilikuwa mezani, ya kijivu, nzito, ina mapezi ya kutolea joto. Ubavuni imeandikwa kwa herufi za kuonekana: volti 12. Nyumba inayohama ilikuwa imerudi, inanuka vanishi. Makori alivua tai, na lazima niseme alifanya kazi safi, jambo lililoniuma sana. Aliiweka inveta chini ya kitanda karibu na betri ili waya uwe mfupi. Alitumia waya mnene kama kidole. Aliacha nafasi ya hewa nyuma. Bonareri alimshikia bisibisi. Alipoitaka alisema tu, "Mwalimu," naye akajua ni ipi anayotaka. Mimi nikimwomba chumvi huwa ananiuliza ya nini.

"Nyangau," Makori akaniita kwa upole, na upole wake ulikuwa kama mchanga kwenye ugali, "ndugu yangu, njoo utazame. Nimekosea mahali?"

Aliniuliza! Kwa uso wazi kabisa. Nikachungulia. Waya mwekundu ulitoka mwisho wa betri moja, mweusi mwisho wa ile nyingine, ishirini na nne zote, yeye akidhani ni sita na sita. Nikafuata waya kwa macho nikitafuta fyuzi yangu, ile niliyokuwa nimelala nayo siku nne.

"Fyuzi iko wapi?"

"Kisumu walikuwa wamemaliza kubwa. Nitaweka wiki ijayo. Leo ni kujaribu tu."

"Safi," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo ulikuwa umezoea.

Nikashuka chini. Saa ya Mzee ilikuwa kumi na moja na robo. Mama Bathsheba alikuwa ametundika shuka ukutani mwa jiko, majirani wamekaa kwenye nyasi. Mlango wa nyumba inayohama ulikuwa wazi, na ndani nilimwona Bonareri ameinama juu ya projekta, uso umekaribia taa kabisa, akifuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya leso. Makori mkono wake ulikuwa kwenye swichi ya inveta.

"Niwashe, mwalimu?"

"Ngoja nione kama inang'aa. Washa."

Mwenzangu, taa ya projekta ni kioo chembamba. Ukiipa umeme mara mbili ya ule inaoutaka, haizimiki kwa adabu. Inapasuka. Na uso wa Bonareri ulikuwa pale, na vile vishimo viwili vya mashavuni ambavyo vilikuwa vimeanza kumchekea Makori badala yangu.

"Acha!" Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimemkumba Makori, sote tukaanguka juu ya kitanda cha Mama Bathsheba, na waya mwekundu uko mkononi mwangu umeng'oka kwenye betri, cheche moja, harufu ya moto.

"Una wazimu?" Makori akapiga kelele, bila kukohoa safari hii.

"Ni ishirini na nne! Betri zote mbili! Chombo ni cha kumi na mbili!"

Mzee akaingia. Makori akatoa kidaftari, akafungua ukurasa. "Mzee mwenyewe ulisema! Jumatatu! Kumi na mbili, isizidi!"

"Nilikuambia saa!" Mzee akanguruma. "Saa ya Sabato!"

Nje jirani mmoja akaangua kicheko, akafuata mwingine, mpaka uwanja mzima. Hata Mzee mdomo ukamcheza. Ilikuwa ndiyo ile aibu niliyoiagiza, imefika nzima. Makori alikuwa ameketi sakafuni anatazama projekta, kisha uso wa Bonareri, kisha projekta, amepauka.

Bonareri hakucheka.

"Nyangau, Jumatatu ulikuwa langoni."

"Nilikuwa."

"Juu ya debe."

"Juu ya debe, mwalimu."

"Ulisikia?"

Uongo ulikuwa hapo karibu, tena mzuri: injini, kelele, ndizi. Nikautazama ukapita.

"Nilisikia."

"Na sasa hivi alipokuuliza kama amekosea, ulisema safi." Aliikunja leso ndogo, ndogo zaidi. "Makori alisikia vibaya. Wewe ulisikia vizuri."

Ningependa angenitukana.

"Bado dakika thelathini na tano," Mzee akasema, maana Sabato haingoji ugomvi. "Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana," nikasema. "Tufunge kwa betri moja tu, ile moja ni kumi na mbili kamili." Nikakimbia kibandani nikaleta fyuzi. Makori alishika koleo, mimi nikaonyesha. Saa kumi na moja na dakika hamsini akawasha. Inveta ikalia taratibu kama nyuki ndani ya chupa, shuka likajaa mwanga, na Danieli akatokea na simba wake, wote miguu juu. Picha ilikuwa imewekwa kichwa chini.

"Simba wameangukia mawinguni," Makori akasema.

Na Bonareri akacheka mpaka akashika mlango. Kusema haki, hicho kilichekesha.

Jumapili waliondoka, na fundi alikuwa Makori. Mzee alisema mimi ni mjuzi zaidi, lakini mwalimu ndiye atakayeinama juu ya taa, basi mwalimu ndiye achague. Makori mwenyewe alikuja kibandani asubuhi na kidaftari, akaniomba nimwandikie mambo ya kuangalia. Hakuninunia, na hilo nalo nimemwekea kinyongo.

Nikaandika. Kwanza, maji ya betri. Pili, fyuzi. Tatu, injini iwashwe baada ya kila onyesho. La nne lilikuwa hili: kila siku hamisha waya kutoka betri moja kwenda ya pili, la sivyo moja itakufa na lori litakataa kuwaka. Yaani nikiliacha hilo, huko Nyamarambe, kwenye mvua, watu wote wakiuliza, Nyangau yuko wapi? Nyangau angekuja kwa baisikeli, shati limepigwa pasi.

Kalamu ilisimama hapo. Makori alikuwa akitazama redio zangu, anazisifu, mjinga yule.

"Yamekwisha?" akauliza.

"Bado moja."

Nikaliandika, nikalipigia mistari miwili chini. Kisha nikaenda barabarani kuwatazama. Bonareri alikuwa dirishani, pazia limefungwa kwa utepe. Mzee akageuza ufunguo, na lori lile kuukuu likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Betri nilizipanga vizuri mno, shauri yangu.