Mtu wa Kona ya Paa

Asubuhi ile Msasa alikuwa analainisha paa la shule. Shule yenyewe ilikuwa ya mbao, ukubwa wa sanduku la viatu, na paa lake lilitakiwa kuwa laini kiasi kwamba ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usijue mbao inaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika pale chuoni. Vumbi la msasa lilikuwa halimtoki kwenye nyusi hata akioga. Mwenzake aliyepangiwa naye mradi aliitwa Gundi, kwa sababu aliwahi kujigandisha mezani mpaka wakamletea chakula palepale.

Walikuwa mwaka wa mwisho. Profesa alikuwa amebuni darasa jipya litakalojengwa katika shule nyingi, na kazi yao ilikuwa kutengeneza modeli yake na kuipima kwenye handaki la upepo: sanduku refu la chuma, feni kubwa upande mmoja, kioo ubavuni. Modeli hukaa juu ya mizani. Upepo ukilivuta paa juu, mshale hupanda, na ukivuka alama nyekundu basi paa hilo halifai kukaa juu ya kichwa cha mtu. Paa la Profesa lilikuwa pana, jepesi, zuri kupita kiasi. Tangu Msasa alipouona ule wepesi wake kwenye mchoro, moyo haukumtulia.

Gundi aliwasha feni. Mshale ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi chini.

"Limetulia kama mkwe ukweni," Gundi alisema.

Msasa aliinama kwenye kioo. Kwenye kona ya paa, upande unaopigwa na upepo, alisimama marehemu baba yake, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Kimo chake kilikuwa cha kidole gumba. Modeli ilikuwa imepunguzwa mara thelathini, na fundi anayejiheshimu haji kazini nje ya vipimo. Misumari alikuwa ameibana midomoni, kawaida yake.

"Ni baba," Msasa alisema.

"Shikamoo, mzee," Gundi alisema, akaandika matokeo.

Baba alikuwa fundi wa mapaa. Upepo ulimkuta juu ya jengo ambalo mwenyewe alilipigilia misumari, ukanyanyua bati naye akiwa amelishika. Lilipovuka ukuta, akaachia. Msasa alikuwa bado sekondari.

Jioni alimweleza mama yake, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa anasahihisha madaftari. Kalamu ilimdondoka.

"Chuoni? Ati amekuja chuoni?" Mama alihamaki. "Mimi sijahama nyumba, sijabadilisha hata kufuli, na hapa hajakanyaga! Wanaume, jamani!" Akaokota kalamu. "Amekonda?"

"Amepungua mara thelathini."

"Nilijua tu. Huko hali vizuri."

Kesho yake, Gundi alipokwenda kutafuta rangi, Msasa alifungua kidirisha cha handaki.

"Baba, achia kidogo tu. Tunataka kupima."

Baba alitoa misumari midomoni, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Siachii tena," alisema kwa sauti ya mbu. "Mara ile niliachia."

"Hii ni modeli, baba. Ndani hamna mtu."

Baba alichungulia kwenye vidirisha vya shule. "Sasa hivi hamna," alisema, akarudisha misumari midomoni.

Msasa alikwenda kwa Profesa. Alijua anachoweza kupoteza. Mradi ukikataliwa angerudia mwaka, pengine asimalize kabisa, na Mama alikuwa ameshaanza kujisifu kwa majirani. Lakini alisema. Alisema bila baba yake paa lile linang'oka.

Profesa alivua miwani, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Marehemu alikuwepo katika vipimo vyote?"

"Vyote."

"Hakukosa hata kimoja?"

"Hata kimoja, Profesa."

"Basi tatizo liko wapi? Matokeo yanajirudia."

Akatia sahihi kwenye ripoti ya vipimo. Msasa alipigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa, kufukuzwa, hata kuchekwa. Hili hakulitarajia.

"Profesa, shule ni nyingi. Baba yangu ni mmoja."

"Na upepo nao," Profesa alisema kwa upole, "hauvumi kila mahali kwa wakati mmoja."

Msasa alibisha hodi ofisi nyingine za chuo. Kila ofisi ilimpa pole ya msiba.

Mapaa yalijengwa. Shule ya Mama ilipata la bluu, na shule ya ng'ambo ya mto ikapata la kijani. Upepo ulikuja asubuhi moja wakati wa masomo. Msasa alimpigia Mama simu.

"Yupo!" Mama alisema kabla hajaulizwa. "Amekuja, mwanangu! Mkubwa kama zamani. Miguu yake naiona dirishani, na viatu ni vilevile nilivyomzika navyo." Sauti yake ilikuwa ya bibi harusi. Nyuma yake watoto walikuwa wanahesabu kwa pamoja.

"Mama, watoe watoto nje. Halafu mwambie aende ng'ambo. Haraka, Mama, nakuomba!"

Msasa alisikia madawati, vilio, upepo. Kisha kishindo kirefu cha mabati. Mama aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Wote wako uwanjani, wazima. Nimemwambia nenda, akaachia, paa letu likaondoka. Anakimbia." Akaanza kulia. "Lakini baba yako hajawahi kuwa na mbio."

Hakuwahi. Alifika ng'ambo paa la kijani likiwa limeshaanguka, na kule hakuna mtu aliyekuwa amewaambia watoto watoke.

Iliundwa kamati. Kamati ilipitia vipimo, ikaona viko sawa, ikasema chanzo cha ajali ni kuchelewa kwa marehemu. Msasa alisimama kusema, wakamwambia wanaelewa uchungu wa mfiwa. Profesa mwenyewe alishtuka kweli. Alifuta machozi mbele ya watu. "Tulimtegemea," alisema. Kisha akamwita Msasa kando akamuuliza kama kwao hakuna marehemu mwingine, mjomba labda, mwenye mikono ya kazi.

"Hakuna," Msasa alijibu.

Wiki iliyofuata modeli ilirudishwa kwenye handaki kwa kipimo cha uhakika. Paa lilikuwa lilelile, pembe ileile. Gundi aliwasha feni bila kumtazama mtu. Mshale haukupanda hata kidogo.

Msasa aliinama kwenye kioo. Baba alikuwa kwenye kona yake. Kuzunguka ukingo wote uliobaki walisimama watoto wenye sare za shule ya ng'ambo, kimo chao kikiishia kiunoni mwa baba, kila mmoja ananing'inia kwa mikono miwili. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Walikuwa wameshika vizuri, kama Baba alivyowaelekeza.

Msasa alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Profesa alisubiri amalize, kisha akamwomba Gundi aongeze upepo.