Likizo na Mama Mkwe

"Alikuwa akilala upande gani?" mama mkwe aliuliza, mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa cha mlango.

Mkunga alionyesha kwa kidevu upande wa dirishani. Bibi yule aliweka mkoba chini, akavua viatu, akajilaza palepale na nguo zake za safari, uso ameufukia katika mto ambao tangu mwanawe aulalie ulikwisha kufuliwa na kulaliwa na vichwa vya watu wengi. Mkunga alibaki amesimama katikati ya chumba kama mgeni aliyekosea nyumba. Kitanda kilikuwa kilekile, chandarua kilekile. Nje ilikuwa bahari ileile, buluu isiyo na haya, ikitaniana na mawe ya ufukweni kana kwamba haijawahi kumla mtu.

Kisiwa hiki kilikuwa chao. Tangu fungate, yeye na mumewe, fundi redio, walikuja kila mwaka, na hata watoto walipozaliwa waliwaacha kwa bibi yao wakaja wawili tu. Mwaka mzima mikono yake ilipokea watoto wa watu katika wodi ya joto na vilio. Hapa alilala mpaka jua limchape usoni. Mwaka jana, ilipobaki siku moja warudi nyumbani, mumewe alimgusa bega asubuhi, akamwambia anakwenda kuogelea.

"Nenda zako, niache nilale," alimjibu, na jicho hakufungua.

Adhuhuri walikuta ndara zake na taulo juu ya mchanga. Wazamiaji walizama na kuibuka mikono mitupu. Mkunga alikimbia ufukwe mzima akimwita mpaka sauti ikamkauka, na aliporudi chumbani alikuta nguo zao zimepigwa pasi, zimepangwa kitandani tayari kwa safari.

Msiba usio na kaburi ni donda lisiloota kigaga. Mtoto wao wa pili mpaka leo anaogopa hata beseni la kuogea. Na mama mkwe, mbele ya waombolezaji waliojaa sebule, alimnyooshea kidole: "Wewe ulikuwa umelala mwanangu akifa." Tangu siku hiyo hakumwita tena mkwe wala mama wa wajukuu zake. Alimwita "wewe," basi. Ndiyo maana bibi alipotamka, "Wewe, nipeleke nikamuage mwanangu," mkunga hakuwa na ubavu wa kukataa.

Mwenye nyumba ya wageni aliwapokea kwa adabu iliyopitiliza. Wateja walimpa jina la Bwana Karibu, kwa sababu alikaribisha kila kitu. Hata mbuzi akiingia uani alimwambia karibu. Kuhusu yaliyotokea mwaka jana hakugusa neno, na wafanyakazi wake nao aliwafunga midomo. Wageni hawaji likizo kusikiliza habari za waliozama.

Kesho yake, mama mkwe akiwa bado amelala, mkunga alichukua gauni la bibi akalipeleka uani likapigwe pasi. Alimkuta dobi kijana ameinamia meza ya pasi, na kando yake kitoto cha kiume kimeketi ndani ya kapu la foronya, kinatafuna pembe ya mojawapo.

"Dada mkunga!" Dobi aliiweka pasi wima, uso umemchanua. "Nilisema nitakuona tu!"

"Kumbe ni wewe! Mwaka jana tumbo lilikuwa limefika puani." Mkunga alimnyanyua mtoto, akampima uzito kwa mikono, akamnyoosha miguu, akamtazama utosi. Mazoea ni kama ngozi, hayavuliki. "Ulijifungua salama?"

"Salama, kwa Mungu na kwa shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Si mumeo! Kwani hakukusimulia?" Dobi alicheka. "Siku ile nilipomaliza kupiga pasi nguo zenu za safari, nikazunguka upande wa pili wa kisiwa, nikapanda ile boti iliyokuja kuchukua kreti tupu za soda. Nilikuwa nakwenda kujifungulia kwa mama, ng'ambo. Namkuta shemeji kaketi juu ya makreti, amevaa lile shati lake la kijani, lile nililomshonea kifungo cheupe. Akasema jino linamuua, anakwenda kuling'oa, atarudi jioni. Hatujafika mbali, uchungu huo! Makuli wanakodoa macho tu. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia, usisukume bado, hema kama unapuliza chai ya moto. Mke wangu ni mkunga, nimejifunza kwake. Akanifikisha mpaka mlango wa hospitali, akanikabidhi kwa wauguzi. Hata kumshukuru sikuwahi."

Pasi ilikuwa ikipumua mvuke juu ya meza.

"Nilikaa kwa mama mwaka mzima, nimerudi juzi tu," dobi aliendelea. "Yuko wapi? Nataka amwone wajina wake. Mtoto nimempa jina lake."

Mikono iliyozoea kupokea haikumwangusha mtoto. Ilimrudisha kapuni polepole, ikamwekea foronya begani.

"Safari hii hakuja," mkunga alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, "Habari hii ya boti usimwambie mama mkwe niliyekuja naye. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa, dada," dobi alijibu, akimwangalia kwa mashaka. "Kuna ubaya?"

Mkunga alikuwa amekwisha kugeuka.

Mkunga aliketi nyuma ya tangi la maji, mahali pasipo mtu. Kwanza kilimjia kicheko, kikavu, kifupi. Lile shati la kijani alilitafuta nyumba nzima ili alihifadhi la ukumbusho, akakata tamaa, akaamini ameliacha kisiwani kwa kuchanganyikiwa. Aibu ya maiti huijua mwosha. Lakini maiti huyu hakuoshwa, alijifuta mwenyewe mchangani akaondoka na nguo zake. Na lililomchoma kuliko yote halikuwa kuondoka. Yalikuwa yale maneno ya chai ya moto. Wakati yeye anapasua koo ufukweni, mumewe alikuwa akimbembeleza mwanamke mwingine kwa maneno aliyoyaokota mezani pao, na akamtaja kwa fahari: mke wangu ni mkunga. Mtu anawezaje kukusifu na kukutupa kwa pumzi moja?

Alitafuta kosa, hakulipata. Hawakugombana. Hapakuwa na mwanamke aliyemjua, wala neno la kuficha. Walicheka usiku ule wa mwisho. Angeweza kuvumilia jibu lolote, lakini hakuwa hata na wa kumuuliza.

Ndipo hasira ilipompa miguu. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: mwanao hajafa, ametukimbia. Sentensi hiyo ingemtakasa mbele ya ukoo mzima. Mwaka mzima wa "wewe" ungemrudia mwenyewe aliyeutamka. Aliondoka pale neno limemjaa kinywani kama maji ya kusukutua, akamtafuta bibi chumbani, akamkosa.

Alimkuta ufukweni, ameketi penye maji, gauni la safari limelowa mpaka magotini. Mawimbi madogo yalikuja yakimlamba miguu na kurudi.

"Mama," mkunga alianza.

"Kaa hapa, mwanangu."

Mwanangu. Mkunga aliketi kando yake.

"Nimekuonea," mama mkwe alisema, macho yakiwa baharini. "Nilitaka mtu wa kumchukia. Bahari huwezi kuichukia, haisikii. Wewe ulikuwa karibu. Jana nimelala mahali pake, na usingizi umenijia, ule ambao sijauona tangu afe. Nikaamka nikajua sina haki ya kukutesa. Nisamehe."

Mkunga alifungua kinywa. Mkono wa bibi ulikwisha kuushika wake, mkono mwepesi wenye mifupa kama ya ndege.

"Wewe umeona wengi wakija duniani, na wengine wakiondoka. Niambie kweli, usinifiche. Unadhani aliteseka?"

Wimbi lilikuja likarudi.

"Hapana, mama," mkunga alisema. "Hakuteseka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bibi alitikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mahali pake. Kisha akamwegemea mkwewe begani, akalia, kilio kirefu cha mtu anayetua mzigo. Mkunga alimshika.

"Nawe lia, mwanangu. Usijikaze."

Mkunga alifumba macho, akangoja. Machozi aliyoyamwaga mwaka mzima yalikuwa ya marehemu. Ya mtu aliye hai hakujua yanatokea wapi. Mama mkwe aliendelea kumpapasa mgongo, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.